Ramani ya kiwanda, vibali na leseni kwa Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa kila mara

Haya maswali yanatoka kwa watu wanaotaka kufungua kiwanda huku kaskazini: wa kukamua alizeti, wa unga lishe, wa maji ya chupa, wa mbao, wa viatu vya ngozi, mpaka wa kukaanga kahawa. Sheria ni za nchi nzima ila ofisi za kwenda na mazingira ni ya huku kwetu, kwa hiyo ukiwa Kahama au Mtwara soma tu halafu uulize ya kwenu. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndo yanayowatoa watu jasho, mengine mistari miwili inatosha.

Nina kiwanja, nina hela kidogo, nina fundi. Naanzia wapi?

Fundi mwambie asubiri kwanza. Huku watu wanaanza na matofali, lori la mchanga linamwagwa kabla mtu hajajua hata kiwanja kimepangiwa matumizi gani, halafu kuta zikishafika kwenye lenta ndo anaulizia kibali. Chukua karatasi andika vitu vitatu: utatengeneza nini, mashine zipi (ukubwa wake, umeme wake, zinatoa nini, vumbi, moshi, maji machafu, kelele), na watu wangapi watakuwa ndani kwa shifti moja. Hivyo vitatu ndo vinaamua karibu kila kitu kinachofuata, na kila ofisi utakayoingia itakuuliza hayo hayo kwa maneno tofauti.

Mpangilio kwa haraka: BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni) na TIN (namba ya mlipa kodi) ya TRA, matumizi ya kiwanja, mazingira NEMC (baraza la mazingira), ramani na kibali cha ujenzi, ujenzi wenyewe, ukaguzi wa OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) na Zimamoto, halafu leseni. Baadhi zinaweza kwenda sambamba, mfano mtaalamu wa mazingira anazunguka site huku mchoraji anaendelea na kazi yake, ila ukiigeuza kichwa chini miguu juu utalipia kitu kimoja mara mbili.

Kiwanja changu kiko mtaani kwenye nyumba za watu, nitaruhusiwa?

Angalia hati inasemaje. Kama imeandikwa makazi, basi ni makazi, hata kama jirani yako ana gereji na anayefuata ana mashine ya kusaga. Maeneo kama Themi, Njiro kwenye viwanda na Unga Limited yana historia ya viwanda toka zamani (Unga Limited jina lenyewe linakwambia), ila hata huko usidhani kila kiwanja ni cha kiwanda, kuna nyumba za kupanga zimejaa kibao.

Inawezekana kuomba kubadilisha matumizi. Unaanza kwa afisa mipango miji wa halmashauri, linawekwa tangazo ili majirani wenye pingamizi waseme, inapita kamati, na upande wa ardhi unahusika kwa sababu masharti ya hati yanabadilika na kodi ya ardhi nayo inabadilika. Sio kitu cha wiki moja. Mimi maoni yangu, kama kiwanda chako kina kelele au harufu na majirani wako ukuta kwa ukuta, uza hicho kiwanja tafuta kingine, kwa sababu hata ukipata kibali utaishi na malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa kila wiki, na lalamiko la jirani ndo linaloleta wakaguzi haraka kuliko kitu kingine chochote.

Nipo Kisongo (au Usa River, au Himo). Naenda Jiji au wapi?

Hili linawapotezea watu muda kweli. Kisongo na Ngaramtoni ni Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, sio Jiji. Usa River ni Meru. Kwa upande wa Kilimanjaro, Manispaa ya Moshi ni mjini pale tu, ukienda Himo, Marangu au Kibosho hiyo ni Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, na Machame na Boma Ng'ombe ni Hai. Faili likiingia halmashauri sio yake halihamishwi, linarudi kwako.

Nataka kujenga kwenye kihamba, ardhi ya familia. Inakubalika?

Kihamba ni ardhi ya kimila, na kule kijijini inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Usianze kwa mchora ramani, anza kwa familia. Kaka, dada, shangazi, mama mzee, wote waliopo kwenye ule mgao wakubaliane kwa maandishi mbele ya serikali ya kijiji, maana hakuna kitu kinachosimamisha kiwanda kama mdogo wako wa Dar kurudi Desemba kula Krismasi akakuta msingi kwenye migomba ya bibi. Baada ya hapo ndo unafuatilia hati ya hakimiliki ya kimila au upimaji, na matumizi. Na ujue benki nyingi zinasitasita kukopesha kwa ardhi ya hivyo, kwa hiyo kama mashine unategemea mkopo lifikirie hilo mapema.

Kwa nini ramani inapita kwa watu wengi? Si manispaa tu inatosha?

Kwa nyumba ya kuishi, halmashauri inatosha kwa kiasi kikubwa. Kiwanda ni eneo la kazi, kwa hiyo kuna OSHA, ambao wanasimamia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, na michoro ya jengo la kazi inatakiwa ipite kwao waikague na kuiidhinisha kabla hujajenga. Zimamoto na Uokoaji nao wana sheria yao Na. 14 ya 2007, wanaangalia moto. Halmashauri kwa upande wake inaangalia mipango miji, umbali kutoka mpakani, uimara wa jengo, afya (yule bwana afya), na barabara.

Kila mmoja anasoma ramani ile ile kwa jicho lake. Wa mipango miji anaangalia umeacha nafasi kiasi gani mbele, wa OSHA anatafuta mtu akiungua mkono atatokea wapi, wa Zimamoto anawaza gari lake litaingilia wapi. Ukiwa na mchoraji anayejua haya yote anachora mara moja. Ukiwa na asiyejua, utachora mara tatu.

OSHA na NEMC wote wana ofisi za Kanda ya Kaskazini pale Arusha mjini, kwa hiyo watu wa Moshi mnapanda basi mnakuja. Ila maombi mengi siku hizi yanaingizwa kwenye mifumo yao ya mtandaoni, kabla hujasafiri hakikisha kuna sababu ya kusafiri.

Ramani ya kiwanda inatakiwa ionyeshe nini hasa?

Hapa ndo ramani nyingi zinarudi. Mtu analeta ramani ya godauni tupu: kuta nne, paa, geti, choo kimoja kwa nje. Ukimuuliza mashine zitakaa wapi anasema "tutazipanga tukishahamia". Haipiti hiyo, na hata ikipita utajuta.

Chukulia kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Ramani nzuri inaonyesha mbegu zinashushwa wapi, stoo ya magunia iko wapi, mashine ya kuchuja na kukamua zimesimama wapi na kuna nafasi kiasi gani kuzizunguka ili fundi apite bila kugusa mkanda unaozunguka, mafuta yanakwenda kwenye tenki gani, mashudu yanatoka mlango gani, na kujaza chupa kunafanyika chumba gani kilichotenganishwa na vumbi. Mzigo uende mbele tu, usirudi ulikotoka. Mashudu yakipita mlango ule ule wa chupa safi, wa TBS (shirika la viwango) akija baadaye atakuzuia hata kama OSHA walikuachia.

Halafu usalama. Milango ya dharura ifunguke kuelekea nje, isiwe mmoja, na isiwe yote upande mmoja wa jengo. Njia ya kuifikia iwe wazi, sio pale ulipochora magunia. Madirisha na matundu ya hewa yatoshe, na kama kuna vumbi la unga au la mbao chora mfumo wa kulivuta, kwa sababu vumbi la namna hiyo likijaa hewani ndani ya chumba kilichofungwa cheche moja tu inatosha kulipua. Boila na kompresa vina sehemu yake, sio katikati ya watu. Swichi kuu ya umeme ifikike. Vyoo vya wanaume na wanawake vitenganishwe, sehemu ya kubadilishia nguo, sehemu ya kunawa, sehemu ya kulia chakula mbali na kemikali, sanduku la huduma ya kwanza. Mitungi ya kuzimia moto na mpira wa maji vionyeshwe vilipo. Na nje kwenye kiwanja: lori linageuzia wapi, maji ya mvua yanakwenda wapi, karo la maji machafu liko wapi na liko umbali gani na kisima.

Usisahau mvua na udongo wa huku. Miteremko ya Meru na Kilimanjaro inateremsha maji ya nguvu msimu wa masika, na upande wa chini kuna udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua zikija. Mashine nzito kwenye udongo ule bila msingi uliopigiwa hesabu na mhandisi, sakafu itapasuka kabla hujamaliza mkopo. Kwa hiyo michoro ya mhandisi wa majengo iwemo kwenye seti, ya umeme iwemo, ya maji iwemo, sio ile ya msanifu peke yake.

Kuna kijana anachora kwa kompyuta kwa bei poa sana. Nimtumie?

Kuchora anaweza kuchora, tatizo ni muhuri. Michoro ya kiwanda inatakiwa iwe ya msanifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB) na ya mhandisi wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB). Mkandarasi naye awe na usajili wa CRB (bodi ya makandarasi) wa daraja linaloendana na thamani ya kazi. Hawa wa bodi wanapita site kweli, wanaangalia bango na stika.

Ikitokea unampenda huyo kijana, basi afanye kazi chini ya ofisi iliyosajiliwa. Ila ogopa sana ule mtindo wa "nitakutafutia mtu akugongee muhuri". Jengo likileta shida huyo aliyegonga hakujui na wewe humjui.

NEMC ni lazima hata kwa kiwanda kidogo?

Kusajili mradi wako uangaliwe, ndio. Kufanyiwa tathmini kamili, inategemea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni Na. 20 ya 2004, na kanuni za tathmini zilirekebishwa 2018 zikaigawa miradi kwenye makundi: ile ambayo lazima ifanye tathmini kamili ya athari kwa mazingira, ile ya katikati ambayo NEMC wanaamua wakishaona maelezo, na ile midogo isiyohitaji tathmini kamili. Kiwanda cha ngozi chenye kemikali na kiwanda cha kushona viatu vya ngozi iliyokwisha tengenezwa sio kundi moja, ingawa vyote watu wanaviita "kiwanda cha ngozi". Ndo maana yale maelezo ya mwanzo uyaandike kwa makini, usijikuze na usijifiche.

Tathmini inafanywa na mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa, unamlipa wewe. Anakuja site, anaongea na majirani, na wanasaini. Ukishapata cheti usikifungie kabatini, kina masharti yake na kuna tozo ya kila mwaka kulingana na aina ya mradi.

Na kuna ile ya mita 60. Sheria inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Arusha kuna Themi, Naura, Kijenge, Burka. Moshi kuna Karanga, Rau, Njoro. Viwanja vya bei rahisi vilivyo karibu na maji mazuri ndo hivyo hivyo vinavyoangukia kwenye hizo mita 60, kwa hiyo pima kabla hujatoa hela ya mauziano.

Nitachimba kisima changu. Kuna kibali?

Kipo. Bodi ya Maji Bonde la Pangani, makao yake Moshi, ndo wanatoa kibali cha kuchimba na kutumia maji, na pia cha kumwaga maji machafu yaliyotibiwa. Kumwaga kwenye mtandao wa majitaka ongea na mamlaka ya maji, AUWSA kwa Arusha na MUWSA kwa Moshi, watataka kujua maji yako yana nini ndani.

Kwa wa maji ya chupa, juisi na vyakula: maji ya Arusha na ukanda wa Meru yanajulikana kwa madini ya floraidi, yale yanayofanya meno ya watu kuwa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku vinapita hapo. Pima sampuli kabla hujanunua mtambo, maana mtambo wa kuondoa floraidi unabadilisha bajeti, unabadilisha ukubwa wa chumba kwenye ramani, na unatoa maji taka yake mwenyewe yanayotakiwa kuwa na pa kwenda.

Wakati nasubiri kibali naweza kupiga msingi tu?

Hapana. Najua mvua zinakuja na saruji imeshanunuliwa, lakini ile X nyekundu ukutani sio mapambo. Ukijenga bila kibali unaweza kusimamishwa, kupigwa faini, na kuambiwa ubomoe. Kinachoruhusiwa bila kelele ni kusafisha kiwanja na kufanya vipimo vya udongo. Kibali kikitoka soma tarehe na masharti yaliyoandikwa, kina muda wake, kikipita unaomba upya. Weka bango site, weka nakala ya kibali na seti ya ramani zilizogongwa muhuri pale pale, mkaguzi akija asiambiwe "bosi anazo Dar".

Nimekodi godauni la mtu. Ramani inanihusu?

Inakuhusu zaidi ya unavyodhani. Mwenye jengo anakuambia "vibali vyote vipo", kumbe ni vya stoo ya mahindi. Ukiingiza mashine, watu kumi na tano na boila, matumizi yamebadilika. Kabla hujasaini pango muombe nakala ya hati, kibali cha ujenzi na ramani iliyopitishwa, na muandikiane kwenye mkataba nani analipia kurekebisha: kutoboa mlango wa dharura, kuongeza vyoo, kuvuta umeme wa fezi tatu. Mpangaji mwingi wa huku anajikuta ametoboa ukuta wa mtu kwa hela yake na mwaka wa pili kodi inapanda kwa sababu "jengo limeboreshwa".

Mchoro wa mpangilio wa mashine kwa jengo ulilokodi bado utahitajika OSHA na TBS.

Jengo limeisha. Naweza kuwasha mashine?

Bado. Halmashauri ije ikague kwamba ulichojenga ndicho kilichopitishwa na itoe kibali cha kutumia jengo. Zimamoto wakague na watoe cheti, ambacho ni cha kila mwaka. Halafu OSHA.

OSHA unasajili eneo la kazi (mfumo wao upo mtandaoni), wanakuja kukagua, na ukikidhi unapata cheti cha usajili na baadaye leseni ya kukidhi matakwa. Ukaguzi wenyewe sio wa kutembea tu na daftari. Boila, kompresa na vyombo vingine vya mgandamizo vinakaguliwa peke yake, vya kunyanyulia mizigo peke yake, mfumo wa umeme peke yake. Kwenye mashine ya kusaga utakuta mkaguzi amesimama pale pale kwenye mkanda unaotoka kwenye mota anaangalia kama una kava la chuma, na kama fundi wako alilitoa "ili iwe rahisi kubadilisha mkanda" basi hapo hapo inaandikwa. Kelele zikipita desibeli 85 kwa shifti ya masaa 8 wafanyakazi wapewe vya kuziba masikio. Wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza, wakiwa kazini na wanapoondoka. Na tathmini ya hatari iliyoandikwa iwepo, sio kichwani kwa meneja.

Hapo hapo kamilisha NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi). WCF kwa sekta binafsi ni asilimia 0.5 ya mishahara, mwajiri ndo anachangia, usimkate mfanyakazi.

Leseni ya kiwanda na leseni ya biashara si kitu kimoja?

Ni viwili. Leseni ya kiwanda (au cheti cha usajili kwa kiwanda kidogo, inategemea mtaji uliowekeza) inatoka BRELA chini ya sheria ya viwanda ya 1967, unaomba kwenye mfumo wao wa mtandaoni. Leseni ya biashara iko chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972, ni ya mwaka, za kundi A zinatoka BRELA na za kundi B zinatoka halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI. Utatakiwa uwe na TIN, kitambulisho cha NIDA, hati au mkataba wa pango, na cheti cha TRA kwamba huna deni.

Ukiwa na duka la kuuzia bidhaa zako pale Soko Kuu au Mbuyuni, hilo lina leseni yake. Ya kiwanda haiendi nayo.

Na TBS? Na wengine?

Inategemea unatengeneza nini. Chakula na vipodozi viko TBS tangu sheria ya fedha ya 2019 ilipovihamisha kutoka iliyokuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa), kwa hiyo jengo linasajiliwa kwao na bidhaa inasajiliwa. Dawa na vifaa tiba ni TMDA. Ukitumia kemikali kuna Mkemia Mkuu wa Serikali. Kukaanga kahawa kuna Bodi ya Kahawa pale Moshi. Maziwa, Bodi ya Maziwa. Vinywaji na maji ya chupa kuna stempu za kielektroniki za TRA. Vipimo kwenye vifungashio, Wakala wa Vipimo. Na kama wazo lako ni mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, hilo liache, ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Mimi ni mdogo sana, tuko watatu na mashine moja. Haya yote ya nini?

Kwa sera ya biashara ndogo ya 2003 nyie ni wa ngazi ya chini kabisa, ile ya mtu mmoja hadi wanne. Hiyo haikutoi kwenye usalama wala usafi, ila njia yako inaweza kuwa fupi. Nenda SIDO (shirika la viwanda vidogo), wapo Arusha na wapo Moshi. Wanasaidia mafunzo, wanasaidia mashine, wana maeneo ya kufanyia kazi ambayo tayari yamepangiwa shughuli hizo, na barua yao ya utambulisho inakupa unafuu TBS kwenye alama ya ubora. Mama anayesaga unga lishe nyumbani jikoni akitaka kuingiza supamaketi, njia ya SIDO ni bora mara kumi kuliko kujenga kibanda chake uani halafu kianze kukataliwa.

Itanigharimu kiasi gani na muda gani?

Tozo zinabadilika, kwa hiyo kiasi chukua ofisini au kwenye mfumo wao siku hiyo. Baada ya ule mpango wa serikali wa 2018 wa kuboresha mazingira ya biashara tozo kadhaa ziliondolewa au kupunguzwa, OSHA wakiwemo, kwa hiyo mtu akikutajia orodha ya zamani muulize ya mwaka gani. Hela kubwa kawaida haiendi serikalini, inaenda kwa wataalamu: msanifu, mhandisi, mtaalamu wa mazingira. Hao pelekea watatu wakupe bei, na waandike kwenye mkataba kwamba marekebisho yatakayotakiwa na ofisi yamo ndani ya bei.

Malipo ya serikali yana kontrolo namba. Hakuna kontrolo namba, hakuna malipo. Vishoka wapo nje ya kila ofisi, wamevaa vizuri, wana bahasha ya khaki, wanakuita "mkuu" na wanajua jina la kila afisa. Ukimpa laki mbili ya "kusukuma faili" umenunua story.

Muda: kinachokula muda ni faili kurudi. Kila likirudi linapanga foleni upya. Peleka limekamilika, chukua uthibitisho wa kupokelewa wenye tarehe, na kila walichoandika kirekebishwe chote kwa pamoja, usirekebishe viwili ukaacha cha tatu ukitegemea hawataona.

Kiwanda chetu kipo miaka mingi, hakina ramani iliyopitishwa. Tufanyeje?

Msijifiche, maana siku mkitaka mkopo, tenda au mnunuzi wa nje itajulikana tu. Tafuteni msanifu na mhandisi wachore jengo lilivyo sasa hivi na waandike hali yake, halafu mpeleke halmashauri kuomba kurasimisha. Kwa NEMC mradi uliokwisha anza haufanyi tathmini ya mwanzo, unafanya ukaguzi wa mazingira. Zimamoto na OSHA waalikeni wenyewe kabla hawajaja. Majengo ya zamani, haswa ya miaka ya viwanda vya umma, uliza pia kuhusu paa: kama ni mabati ya simenti yenye asbesto usimpandishe kijana na nyundo, kuitoa kuna utaratibu wake.

Mkaguzi amekuja ameandika makosa na ametupa siku. Tukigoma?

Msigome. Someni karatasi mbele yake, ulizeni pale ambapo hamjaelewa, haswa kama kosa linahitaji kujenga au kununua tu. Yale ya kununua (mitungi, glavu, gambuti, kava la mkanda) malizeni mapema. Ya kujenga andikeni barua ya mpango kabla siku hazijaisha, na picha. Ukiona ameonea kuna njia ya rufaa kisheria, iandikeni ndani ya muda wake. Na mkaguzi halali ana kitambulisho, kumuomba akionyeshe getini sio utovu wa adabu.

Nikiongeza mashine moja tu baadaye naanza upya?

Sio upya, ila toa taarifa. Mashine ya kufunga pakiti inayokaa kwenye kona tupu ni jambo la kurekebisha mchoro na kuwaonyesha OSHA. Ukiongeza boila, ukabomoa ukuta, ukaweka ghorofa ya mbao juu ya stoo, au ukaanza bidhaa ya aina nyingine, hapo ramani inarudi halmashauri, Zimamoto wanaangalia tena, na NEMC wanataka kujua. Na kwa TANESCO, piga hesabu ya mzigo wote wa umeme kabla mashine haijafika bandarini, kwa sababu transfoma ya mtaa ikiwa imejaa unaweza kukaa na mashine kwenye nailoni yake huku marejesho ya benki yanaanza.